Seti za kupima ndani ya shina la mti: ultrasaundi au nyundo?

Kwa mti mkubwa uliosimama, chukua seti ya nyundo. Zote mbili hupima muda wa sauti kupita ndani ya mbao kutoka kihisio kimoja hadi kingine; programu huugeuza kuwa kasi na kuchora picha ya rangi, na penye kasi ndogo hushukiwa uozo au pango. Ultrasaundi, yaani sauti ya juu isiyosikika, ya kHz 54 inavutia kwenye karatasi: mbao ikipitisha sauti kwa mita 1,500 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa sentimita 3 hivi, kwa hiyo linanasa kasoro ndogo. Lakini hufifia upesi ndani ya mbao, na gome nene hulimeza kabla halijafika popote. Inabidi ubandue kigome, upake jeli, ubonyeze kihisio kwa nguvu ileile kila mara. Kwa nguzo, mbao na mashina membamba inafaa sana.

Seti ya nyundo haina makeke. Misumari hupita kwenye gome hadi iguse mbao, vihisio huning'inizwa juu yake, kisha unagonga msumari mmoja mmoja na vihisio vingine vyote vinapokea. Gonga mara kadhaa kila pointi. Nyakati zikipishana, msumari umelegea.

Kinachoharibu kazi hasa ni umbo. Shina la kipenyo cha sentimita 60 lenye vihisio 12 huacha nafasi ya sentimita 15.5 hivi kati ya jirani na jirani. Ukikosea sentimita 2 hapo, kasi imepotoka kwa zaidi ya asilimia 12, na programu itakuchorea uozo ambao haupo. Shina lenye mbavu usilichukulie kama duara: pima umbali kati ya vihisio, moja kwa moja.

Halafu ile picha ya rangi. Inaonyesha kasi, si mbao yenyewe. Ufa hulazimisha wimbi kuzunguka, hivyo huonekana kama pango kubwa kuliko ulivyo. Gome lililomezwa katikati ya mashina mawili hudanganya vivyo hivyo. Hatari zaidi ni upande wa pili: kuvu Kretzschmaria deusta huifanya mbao ivunjike kirahisi wakati sauti bado inapita vizuri, na picha inatoka safi. Penye shaka, toboa kwa sindano nyembamba ya kupima ukinzani wa mbao, katika eneo lenye utata tu, kwa sababu kila tundu ni jeraha.

Kabla ya kulipa, hakikisha programu inakuonyesha nyakati ghafi kwa mikrosekunde. Inayotoa picha peke yake, iache dukani.