Risasi ndogo za kuwinda kulungu: pima msokoto wa mtutu kabla hujatoa pesa

Wiki iliyopita mtoto wa dadangu aliye Minnesota alinitumia picha kwa WhatsApp, karatasi ya shabaha ina matundu manne na hakuna hata moja la mviringo. Yote marefu kama tundu la kufuli, moja hata unaona umbo zima la risasi imepita ikiwa imelala ubavu. "Anti, hii bunduki imeharibika?" Nikaenda chumbani nikatoa lile bati la biskuti naweka makaratasi yangu ya kule, nikampigia picha ya karatasi yangu ya zamani. Matundu ni yale yale.

Mi nilirudi Nakuru kitambo, na huku kuwinda kulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo haya ni ya watu wetu walio Marekani. Ni wengi kuliko mnavyodhani, kila Oktoba simu zinaanza kuingia, anti ninunue gani.

Kila mtu anauliza spidi na bei. Hakuna anayeuliza msokoto. Ndani ya mtutu kuna mifereji imejisokota, hiyo ndio inazungusha risasi iende imenyooka kama pia ya watoto inavyosimama ikizunguka. Ukisikia 1 kwa 12 maana yake risasi inazunguka mara moja kwa kila inchi 12 za mtutu, 1 kwa 8 inazunguka haraka zaidi. Sasa risasi ikiwa ndefu inataka kuzungushwa haraka, na nzito huwa ndefu, na ya shaba tupu huwa ndefu hata kushinda ya risasi-madini yenye uzito sawa. Usipoizungusha vya kutosha inayumba, inalala, inaenda itakako. Kwa karatasi ni tundu baya tu. Kwa mnyama ni mguu umevunjika na anakimbia na uchungu usiku kucha kwa theluji, na hilo mi siwezi kulivumilia.

Yangu ilikuwa .223 ya zamani (namba kama hizi ni aina ya bunduki kwa upana wa risasi, sehemu ya inchi), 1 kwa 12, na yule wa dukani akaniuzia boksi la greni 75 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) akisema nzito ndio ya kulungu. Hakuniuliza bunduki ni gani, hakuuliza mtutu, alichukua kadi akaniambia siku njema. Kurudisha wakakataa, ati risasi ikishatoka dukani hairudi. Na boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa uzito na spidi kwa herufi kubwa, msokoto hakuna! Bahati yangu mzee mmoja wa kazini alinilazimisha nijaribu kwa karatasi kwanza, la sivyo ningeenda nalo msituni hivyo hivyo.

Hata viwanda vikubwa vilishikwa na hii kitu. 1955 Winchester walitoa .243 na Remington wakatoa .244, mitutu ya Remington ilikuwa 1 kwa 12 na ya Winchester 1 kwa 10. Wawindaji wa kulungu walitaka greni 100, .244 ikaonekana ya wanyama wadogo tu, ikakosa soko. 1963 Remington wakaibadilisha jina kuwa 6mm wakaweka 1 kwa 9 lakini watu walishanunua .243. Msokoto ndio uliwamaliza.

Kupima ni rahisi. Toa risasi zote, hakikisha chumba ni tupu, funga kitambaa cha kubana kwa fimbo ya kusafishia ile ya mpini unaozunguka wenyewe, ingiza mpaka ndani, weka alama ya kalamu juu ya fimbo pale inapoingilia, halafu vuta polepole mpaka alama imalize mzunguko mmoja irudi juu. Inchi zilizotoka ndio msokoto wako. Rudia mara tatu.

Sasa chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni Federal Fusion ya .243, greni 95. Ganda la shaba limeshikamana na moyo wa risasi kabisa halibanduki, ikipiga inafunguka lakini inabaki kipande kimoja, na hiyo 1 kwa 10 ya kawaida inaizungusha bila shida. Kulungu wa kule ni kilo 65 hadi 80 hivi, inawatosha. Kiwanda chao kiko Anoka huko huko Minnesota, na miaka yangu yote kule haikuniangusha.

Ya pili Barnes TTSX ya greni 80, shaba tupu. Kama nyama inaliwa na watoto mi ningeanzia hapa. 2008 Minnesota na North Dakota walipata vipande vya madini ya risasi kwa nyama ya kulungu, vingine mbali na kidonda, huwezi kuviona kwa macho. Shida ni bei, na tangu ile 2020 rafu zilipokauka bei ilipaa na wauzaji wakaonja utamu wake.

Ya tatu Remington Core-Lokt greni 100. Ya bei nafuu, inafanya kazi, imekuwepo tangu 1939.

.223 naiweka mwisho. Minnesota inaruhusu kuanzia .22 lakini Colorado na Washington lazima .24, Virginia .23, soma sheria ya jimbo lako. Ukiwa na 1 kwa 9 au haraka zaidi chukua Fusion greni 62 na usipige mbali, mita 100 basi. .22-250 nyingi za zamani ni 1 kwa 14, hizo hata sizungumzii. Na zile za bei ya chini kabisa za mazoezi, zimefunikwa shaba mpaka ncha, hazifunguki, Minnesota haziruhusiwi kwa kulungu.

Jana usiku tulipiga video mtoto wa dadangu akipima, fimbo iko juu ya meza ya jikoni kando ya chai. Mara ya kwanza 12. Mara ya pili 12. Ya tatu akaipeleka polepole zaidi akitumaini, ikatoka 12. Msimu huu anaazima .243 ya mtu wa kazini kwake, na Jumamosi anaenda kuijaribu kwa karatasi na boksi mbili za Fusion, nimemwambia aangalie namba ya loti, ile ya kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, ifanane kwa zote mbili.