Nimeuza domeni mbili kwa faida: uzoefu wangu na soko la mtandaoni na Escrow.com

Naanza na hesabu, maana hapo ndipo wengi hawasemi ukweli wote. Domeni yangu ya kwanza (yaani jina la anwani ya tovuti, mfano linaloishia na .com) iliuzwa dola 1,400. Soko la mtandaoni nililoiweka likakata asilimia 15, yaani dola 210, nikabaki na 1,190. Lakini kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshikilia majina 14 kwa miaka mitatu, kila moja likila kama dola 11 kwa mwaka. Hizo ni dola 462 zilizonitoka mfukoni. Faida yenyewe ikawa 728. Nilifurahi sana, na bado nafurahi, ila mtu akikwambia "nimeuza kwa 1,400" muulize kwanza alikuwa analipia majina mangapi.

Mwaka 2019 kampuni ya MicroStrategy iliuza domeni ya voice.com kwa dola milioni 30. Habari za namna hiyo ndizo zilizonivuta. Nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba majina ya neno moja yenye .com yalishachukuliwa zamani, na wanaoyashika wanajua thamani yake. Sisi tulioingia juzi tunacheza na maneno mawili, na hapo kuchagua vibaya ni rahisi mno.

Mimi nilichagua vibaya. Karibu nusu ya majina yangu ya mwanzo niliyanunua kwa kuwa yalinipendeza mimi, bila kujiuliza nani angeyahitaji. Siku moja nilimtajia dada yangu jina kwa simu, nikamwomba aliandike kama alivyolisikia. Akanitumia namna tatu tofauti, na hakuna iliyokuwa sawa. Jina nililiacha likaisha muda wake. Lingine lilikuwa na ndani yake neno ambalo ni alama ya biashara ya kampuni kubwa. Hilo nalo niliacha kulilipia mara nilipojua utaratibu uitwao UDRP, uliowekwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani: mwenye alama akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, unanyang'anywa bila kulipwa hata senti. Jina la hivyo usiliguse, hata kama liko wazi kusajiliwa.

Sasa nieleze kilichouza. Kwa miaka miwili jina langu zuri kuliko yote, maneno mawili ya kawaida ya Kiingereza kuhusu usafirishaji wa mizigo, lilikaa sokoni likiwa na kitufe cha "toa ofa" tu, bila bei. Nilipata ofa tatu: dola 40, dola 60, na moja ya dola 100 ambayo mwenyewe alipotea nilipomjibu. Nilidhani tatizo ni jina, kumbe ni mimi nisiyesema nataka nini. Mtu mwenye kampuni, mwenye kazi zake, akikuta jina halina bei anahisi anaingizwa kwenye mvutano asiokuwa na muda nao. Anakwenda kutafuta jingine.

Nikakaa siku mbili nikipanga bei. Niliingia NameBio, tovuti inayoweka kumbukumbu za mauzo ya domeni, nikatazama majina yenye neno lile lile yaliuzwa kwa kiasi gani. Halafu nikatafuta kampuni zinazotumia jina hilo hilo kwa .net, au kwa kistari katikati, au kwa kuongeza neno refu mwishoni. Nikazipata saba. Hao ndio wanunuzi wangu, na kwa biashara ndogo ya mizigo dola 1,400 ni fedha ambayo mkuu wake anaweza kuiidhinisha bila kuitisha kikao. Nikaandika bei hiyo, nikaweka kitufe cha "nunua sasa", na nikaelekeza domeni kwenye ukurasa wa mauzo ili anayeiandika kwenye kivinjari aone inauzwa. Baada ya miezi mitano ikanunuliwa usiku nikiwa nimelala. Mnunuzi hakuniandikia hata neno moja.

Kwa soko lenyewe, ambalo sitalitaja, natoa nyota tatu. Liliniletea mteja ambaye peke yangu nisingempata, hilo nalikubali. Lakini pesa ilichukua siku kumi na mbili kunifikia baada ya domeni kuhama, na barua zangu mbili za kuuliza zilijibiwa na maneno yale yale ya kunakiliwa.

Mauzo ya pili hayakupitia soko lolote. Mtu aliniandikia barua pepe moja kwa moja akitaka jina jingine, tukaelewana dola 2,300. Hapa tahadhari: wiki chache kabla yake mwingine alikuwa ameniandikia kwa bashasha, akataja dola 6,000, kisha akataka nimletee "cheti cha thamani" kutoka tovuti moja aliyoniunganisha nayo, ya kulipia. Mnunuzi wa kweli hahitaji cheti hicho. Ada ya cheti ndiyo wizi wenyewe. Nilimwacha.

Huyu wa dola 2,300 nilimwambia tupitie Escrow.com, kampuni inayoshika pesa ya mnunuzi mpaka domeni ikabidhiwe, naye akakubali mara moja, jambo lililonipa imani naye. Utaratibu uko hivi: mnakubaliana masharti, mnunuzi analipa kwao, wao wanakuthibitishia kwamba pesa imeingia, wewe unahamisha domeni, mnunuzi anakubali kuwa ameipokea, ndipo unalipwa. Kila upande unathibitisha utambulisho wake. Ada tuligawana nusu kwa nusu.

Tukakwama mahali ambapo sikutarajia. Nilikuwa nimehamisha jina hilo kutoka kwa msajili mmoja (kampuni inayosajili domeni) kwenda kwa mwingine wiki tatu tu nyuma, na baada ya kuhama hivyo jina hufungwa siku 60 lisiende kwa msajili mwingine. Pesa ya mtu iko Escrow.com, mimi nimekwama na kufuli. Mikono ilinitetemeka nilipokuwa nikimwandikia kumweleza. Akanijibu kwa utulivu kwamba atafungua akaunti kwa huyo huyo msajili wangu, kwani kuhamisha jina kutoka akaunti moja hadi nyingine ndani ya msajili mmoja ni jambo jingine. Akafungua, akanipa jina la akaunti yake, nikaihamishia domeni huko. Dakika nne. Nilibaki nikiangalia orodha yangu, jina halimo tena, na moyo ukidunda hadi ujumbe wa Escrow.com ulipoingia kesho yake kwamba mnunuzi amekubali na malipo yametumwa.

Escrow.com naipa nyota tano. Bila mtu wa katikati, mmoja wetu angelazimika kutangulia: ama atume dola 2,300 kwa mtu asiyemjua, ama nitoe jina kabla sijaona pesa. Mimi nisingetangulia, na simlaumu yeye kama asingetangulia.

Siku hizi kabla ya kulipia jina lolote naandika kwanza kwenye daftari kampuni tano zinazoweza kulihitaji. Zisipofika tano, silinunui. Nimebaki na majina sita. Mawili muda wake unaisha mwezi ujao: moja naliacha liende, kwa kuwa nimetafuta na sikumpata hata mnunuzi mmoja. Lingine nimelilipia mwaka mwingine, na bei yake, dola 1,900, imeandikwa wazi kwenye ukurasa wake.