Nyasi bandia za hoteli, ofisi na maduka penye joto na unyevu: ligeuze zulia kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji kuhusu nyasi bandia yanafanana mno. Mwenye hoteli anasema bustani yake inanuka kila baada ya mvua. Msimamizi wa jengo la ofisi anasema majani yananyofoka yakifagiliwa, na waranti haijafika hata nusu. Waulize waliangalia nini siku ya kununua, watakutajia rangi, ulaini na urefu wa jani. Hakuna aliyeligeuza zulia.

Kwa hiyo leo rangi siigusi, macho unayo. Tuzungumze mgongo, yaani upande wa chini wa zulia.

Majani haya hushonwa kwenye kitambaa cha plastiki, kisha upande wa chini hupakwa gundi ya kuyashika. Mara nyingi gundi hiyo ni lateksi (aina ya mpira) iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, kwa kuwa ni ya bei nafuu. Lateksi haipitishi maji, ndiyo maana hutobolewa matundu, kwa kawaida kila baada ya sentimita 10 hivi. Penye mvua za rasharasha hakuna neno. Penye mvua za kumwaga na hewa isiyokauka, vumbi huziba matundu yale, maji hutuama, na chini ya zulia panakuwa kinamasi. Lateksi nayo hunywa unyevu na kulegea, ndipo majani yanapoanza kutoka. Ile harufu ni ukungu na mwani, na hakuna sabuni ya kumwagia juu itakayoifikia.

Gundi ya aina nyingine, poliurethani, hustahimili maji vizuri zaidi. Na kuna migongo isiyohitaji matundu kabisa: gundi hupakwa kwenye mistari ya mishono tu, katikati kitambaa kinabaki wazi, maji yanapita popote yanapoangukia.

Kujua tofauti si kazi. Omba kipande cha kutosha, si kile cha ukubwa wa kiganja cha kwenye kitabu cha sampuli. Kikate viwili, kimoja ukiloweke kwenye ndoo siku kadhaa. Kisha kamata shungi moja la majani kwa koleo uvute, halafu vuta na la kipande kikavu. Kama la kipande kilicholowa linatoka kirahisi, mrudishie muuzaji mali yake. Mwombe pia matokeo ya kipimo cha ASTM D1335, kinachopima nguvu inayohitajika kung'oa shungi. Akikukodolea macho, hilo nalo ni jibu.

Na hapa wauzaji wananiudhi. Ukiuliza habari ya joto wanakwambia, "Mwagia maji, litapoa." Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walipima uwanja wa nyasi bandia wakakuta uso wake umefika nyuzi joto 93, siku ambayo hewa ilikuwa kama nyuzi 37. Maji hupoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba unyevu hayakauki upesi, basi unaishia na zulia la moto lililolowa, na maji hayohayo yanakwenda kuulowesha mgongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hawa wanatembeza kwelikweli: bei ya mita ya mraba wanayokutajia haina kokoto, haina mchanga, haina gundi ya viungio, haina fundi. Waranti nazo nyingi hazilipi majani yakiyeyushwa na mwanga unaorudishwa na vioo vya jengo. Ofisi gani siku hizi haina vioo?

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni majani ya plastiki iitwayo polietilini juu ya mgongo wa poliurethani, na hapo mimi ni mtu wa kampuni ya SYNLawn, sifichi. Mgongo wao wa EnviroLoc ni poliurethani ambayo sehemu ya malighafi yake hutoka kwenye soya badala ya petroli, na majani yao kadhaa yana HeatBlock, teknolojia ya kupunguza joto. Haligeuki kuwa kivuli cha mwembe, lakini angalau ni kampuni iliyolifikiria tatizo. Wana aina nyingi, kwa hiyo hata kwao geuza zulia.

Namba mbili ni polietilini tupu, majani na mgongo, vilivyounganishwa kwa joto bila gundi. Hupitisha maji vizuri, na kwa kuwa ni plastiki ya aina moja, kulirejeleza baadaye ni rahisi. Shida ni kulipata.

Nailoni naiweka ya tatu. Nyasi bandia za AstroTurf za kwanza kupata jina, zile za uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, mwaka 1966, zilikuwa za nailoni. Ni ngumu, husimama tena hata ikikanyagwa kutwa, inafaa mlangoni pa duka. Ila hunywa unyevu, jambo ambalo polietilini karibu haifanyi kabisa.

Polietilini yenye mgongo wa lateksi iweke chini ya paa tu. Majani ya polipropilini, plastiki nyingine ya bei ya chini, ni ya maonyesho ya siku mbili.

Kujazia katikati ya majani, tumia mchanga wa silika. Chembe nyeusi za mpira huongeza joto, tena Umoja wa Ulaya umeshapitisha sheria ya kupiga marufuku kuuzwa kwa chembe za plastiki na mpira za kujazia kuanzia Oktoba 2031.

Kama unatandika juu ya zege, mwambie fundi amwage ndoo ya maji mchana ukiwapo. Yakisimama hata sehemu moja, usilipie zulia lolote, hata la namba moja, mpaka sakafu ipate mteremko.