Uzoefu wangu: kupanda Table Mountain kwa njia ya Platteklip mwezi wa Julai

Nimeipanda Platteklip mara mbili, Januari na Julai. Ya Januari sirudii. Korongo lile linatazama kaskazini, na kule Cape Town jua la mchana hukaa upande huohuo wa kaskazini, kwa hiyo kiangazi unachomwa utosini njia nzima, huna hata mti wa kujibanza. Julai jua lilelile unalitamani.

Tulianza saa mbili na nusu asubuhi kutoka Tafelberg Road. Njia haipotezi mtu: ni ngazi za mawe, kona baada ya kona, unapanda tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla, kijito kimejaa, maji yake rangi ya chai ya mkandaa. Si uchafu; ni rangi inayotoka kwenye vichaka vya fynbos, uoto wa asili wa huko, na kinavyobubujika kati ya mawe nilisimama kukitazama zaidi kuliko nilivyolitazama jiji.

Nusu ya juu ndiyo yenye kazi. Kuta zinabanana, jua linakosa pa kupenya, na mawe yanashika utando mwembamba wa kijani. Niliupapasa kwa kiganja, ukateleza kama sabuni iliyolowa. Hatua chache mbele raba zangu, zilizokwisha meno, zikateleza nikapiga goti kwenye ukingo wa ngazi. Vaa viatu vyenye meno mazima, hilo nalisema kwa msisitizo.

Juu kileleni upepo ulitupokea vikali. Vidole vilikufa ganzi hadi nikashindwa kufungua zipu ya begi, mwenzangu akanifungulia. Chini jiji limetulia kwenye jua, bahari shwari, Robben Island unaiona vizuri kabisa. Pimbi wawili walikuwa wameanika migongo kwenye mwamba, manyoya yametutumka kwa baridi. Tukageuka kushoto hadi Maclear's Beacon, mita 1,086, sehemu ya juu kuliko zote, na huko hatukukuta mtu.

Tulipanga kushuka kwa kebo, lile gari linaloning'inia kwenye waya. Upepo ukizidi haiendi, na siku hiyo haikwenda. Kosa ni letu, hatukuulizia kabla ya kupanda. Kushuka kwa miguu kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda. Kila ngazi goti linalalamika, kila jiwe bichi unalijaribu kwanza kwa ncha ya kiatu. Tulikanyaga lami saa kumi na nusu, na Julai jua huzama karibu na saa kumi na mbili. Tungechelewa kuanza kwa saa mbili tu, giza lingetukuta kwenye yale mawe ya utelezi, bila tochi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nitarudi Julai nyingine, na glavu, na tochi ya kichwani, na hesabu ya kushuka kwa miguu tangu mwanzo.