Zana za mtumba Tabora: zipi ununue kwanza, zipi uziache

Kwa seremala au fundi wa kuchomelea anayefungua karakana Tabora, zana iliyotumika inaokoa pesa ikiwa ubovu wake unaonekana kabla hujalipa, na kipuri chake hakihitaji kuagizwa Kariakoo. Tumezipanga kwa kipimo hicho.

1. Zana za mkono. Randa ya chuma, patasi, jiliwa, klampu, spana: anzia hapa, maana hazina mota ya kuungua. Geuza randa tumbo juu, laza rula ya chuma kwa urefu na kwa mshazari, kisha itazame dhidi ya mwanga. Upenyo mwembamba unaondoka kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo. Ufa mdomoni hautengenezeki, iache. Kutu ya juu juu isikutishe, lakini vishimo vya kutu upande bapa wa patasi vitaacha mapengo kwenye makali, na mninga hausamehe makali yenye mapengo. Alama ya bluu karibu na ncha inaonyesha chuma kilipata moto kwenye mashine ya kunolea kikalainika. Sehemu hiyo itabidi inolewe yote iishe, kwa hiyo dai punguzo. Jiliwa zungusha skrubu yake tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiruka, nyuzi zake zimelika.

2. Mashine za mezani. Msumeno wa meza au drili ya kusimama mara nyingi ina mota isiyotumia kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), na kinachochoka kwanza ni beringi na mkanda. Zima umeme, shika shafti uitikise: ikicheza, hesabu gharama ya beringi mpya. Ukiiwasha ikavuma bila kuanza kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kifaa kinachosaidia mota kuanza.

3. Mashine ya kuchomelea ya koili. Hakikisha waya ni kopa. Ya alminiamu ni nyepesi kwa umbo lake na hupata moto haraka. Choma vijiti vitatu vya geji 10 mfululizo, kisha inuse: harufu ya vanishi iliyoungua ina maana koili inaelekea kusukwa upya, na gharama hiyo inaweza kumeza akiba yote.

4. Grenda na drili za mkono. Hapa usilipe zaidi ya nusu ya bei ya mpya. Soma kibati cha maelezo kwanza. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mashine iliyotumika Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120, na zile za manjano za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua papo hapo, na transfoma ya kushusha umeme ni gharama nyingine. Iwashe ukitazama matundu ya hewa: cheche ndogo kwenye kaboni ni kawaida, lakini zikizunguka duara zima, amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imeharibika. Grenda isiyo na kava usiinunue kabisa. Mara nyingi kava hutolewa ili kufunga diski kubwa. Grenda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati diski ya milimita 230 huishia karibu 6,600. Ikipasuka, vipande vyake vinaua.

5. Mashine za betri. Ziache. Betri iliyochoka huonyesha imejaa, kisha inakata ukiipa kazi, na betri mpya halisi ni ghali mno kwa kifaa cha zamani.

Diski, miwani, mipira ya gesi na minyororo ya kunyanyulia nunua mpya siku zote. Tarehe ya mwisho ya diski imegongwa kwenye pete ya chuma katikati.

Ukinunua kwa mtu badala ya duka, andikianeni: jina, simu, namba ya mashine, sahihi ya shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa mtaa. Namba ikiwa imekwanguliwa, ondoka, kwa sababu kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai.