Kamera za Canon 5D Mark IV na Canon R6: ipi nyepesi kweli?
Ukiziweka mezani bila lenzi, tofauti unaiona papo hapo. 5D Mark IV ina upana wa milimita 151, kimo 116, na gramu 890 pamoja na betri na kadi. R6 ni 138 kwa 98, gramu 680. Ukubwa wa sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ni uleule, milimita 36 kwa 24. Kilichoondolewa kwenye R6 ni kioo cha ndani, ndiyo maana kitako cha lenzi kinakaa milimita 20 tu kutoka kwenye sensa badala ya 44.

Lakini mpiga picha wa harusi asikimbilie dukani. Lenzi ya kuvuta ya milimita 24-70 yenye mwanya wa f/2.8 ya R6 ina gramu 900, ile ya 5D Mark IV 805, kwa hiyo nafuu ya gramu 210 inashuka hadi 115. Mimi ningechukua R6 na lenzi ndogo ya milimita 35, gramu 305. Hapo shingo inapumzika.