Rivolva ya stenlesi iliyotumika: ipi ununue kwa kubeba kila siku Marekani

Kwenye kabati la vioo la duka la silaha, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya Smith & Wesson ya miaka ya 1970 na Ruger ya juzijuzi zinaweza kulala bega kwa bega, zote zinang'aa, na ile kongwe ikawa ndiyo nzima zaidi. Stenlesi, chuma kinachostahimili kutu, inawachanganya wanunuzi. Haina rangi ya kuchujuka kama chuma cheusi, na mtu akiisugua kwa dawa ya kung'arisha, mikwaruzo ya miaka mingi inapotea jioni moja. Ukiona maandishi ya kiwandani yamefifia kingo, ujue imeshasuguliwa, na uanze kujiuliza kilichokuwa kinafichwa ni nini.

Kwa hiyo tumepanga rivolva tano hizi kwa ubora wa muundo, lakini ya tano iliyo nzima ichukue, na ya kwanza iliyolegea iache palepale.

Tunaloweka juu kabisa ni Smith & Wesson Model 640. Ni ndogo, inabeba risasi tano, na nyundo yake imefichwa ndani ya fremu, hivyo hainasi kwenye shati wala mfuko wa koti unapoitoa. Za mwanzo ni za risasi aina ya .38 Special, zilizofuata zinapokea pia .357 Magnum, aina yenye nguvu zaidi, na zina uzito wa gramu 650 hivi. Uzito huo ndio siri yake: unabebeka kutwa nzima, na bado unatuliza teke kiasi kwamba utafanya mazoezi bila kuchukia. Risasi za .357 kwenye mtutu mfupi hivi zinaumiza kiganja na mwanga wake ni mkali mno usiku. Weka .38 Special.

Ya pili ni Ruger SP101, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Fremu yake ni kipande kimoja kisicho na bamba la ubavuni, na kwa uimara hakuna ndogo inayoifikia. Ina gramu 740 hivi ikiwa na mtutu wa inchi 2.25, kwa hiyo ikikaa kiunoni bila mkanda mgumu, suruali itashuka. Angalia maandishi kwenye mtutu: za .357 za mwanzo zimeandikwa zitumie vichwa vya risasi vya greni 125 (gramu 8 hivi) tu, kwa sababu silinda yake ni fupi na kichwa kirefu kinaweza kuchomoza mbele kikazuia silinda kuzunguka.

Ya tatu ni Model 60, nayo ya Smith & Wesson, iliyotoka mwaka 1965 ikiwa rivolva ya kwanza ya stenlesi tupu kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Ni nyepesi kuliko 640, ila nyundo yake ina mkia wa kunasa nguo. Kama mtutu haukuandikwa +P, yaani alama ya risasi zenye shinikizo kubwa zaidi, tumia .38 za kawaida.

Ya nne ni Model 64 ya kampuni hiyohiyo, yenye mtutu wa inchi mbili. Inabeba risasi sita, ni kubwa na nzito, lakini nyingi zilikuwa za polisi na walinzi: nje zimekwaruzwa na ala, ndani hazijachakaa kwa sababu zimefyatuliwa mara chache. Kwa mtu mwenye mwili wa kuificha, hapa ndipo pesa inapofanya kazi zaidi.

Ya tano ni Taurus 85 ya stenlesi, kutoka Brazili. Inaweza kuwa nzuri, ila ubora unatofautiana kati ya moja na nyingine, hivyo ukaguzi wake usiwe na haraka. Kimber K6s, yenye risasi sita kwenye silinda ya milimita 35 tu, ingekaa juu zaidi kama bei yake ingeshuka.

Tahadhari moja: Model 642 ya Smith & Wesson ina rangi ileile ya fedha, lakini fremu yake ni alumini iliyopakwa. Rangi hiyo hubanduka kwa jasho, na uzito wa gramu 415 hivi unafanya kila risasi iume.

Sasa ukaguzi. Nenda na tochi ndogo, kipande cha karatasi nyeupe na fila (vibao vyembamba vya kupimia nafasi), ileile ya mafundi wa magari. Fungua silinda, hakikisha kila tundu ni tupu, angalia tena, kisha omba ruhusa ya kuvuta kifyatulio bila risasi.

Anza na mzunguko wa silinda, maana ndio unaoua rivolva nyingi. Bana silinda kidogo kwa kidole kama breki, halafu vuta nyundo nyuma polepole. Lazima usikie silinda ikijifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Nyundo ikifika na silinda bado inatembea, tundu halitalingana na mtutu, na risasi itakwangua pembeni na kurusha vipande vya risasi ubavuni. Rudia kwa kila tundu, yote matano au sita, maana tatizo linaweza kuwa kwenye jino moja tu. Kwenye 640 huwezi kuvuta nyundo kwa kidole gumba, hivyo vuta kifyatulio taratibu mno. Silinda ijifunge kabla nyundo haijaanguka.

Kwa zile zenye mkia wa nyundo, iweke nyuma kabisa kisha isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, ni hatari, irudishe kabatini.

Funga silinda, pitisha fila kati yake na mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni sawa. Ubao wa 0.25 ukipita, gesi nyingi inavuja. Pima silinda ikiwa imesukumwa nyuma, kisha mbele: tofauti ikizidi 0.08 hivi, kuna uchezaji unaohitaji fundi, na gharama hiyo itoke kwenye bei.

Weka karatasi ndani ya dirisha la fremu, mulika tochi, utazame mdomo wa nyuma wa mtutu. Tafuta ufa, hasa upande wa chini. Ndugu wa Model 64, yaani Model 65 ya .357, ana ukuta mwembamba mahali hapo, na risasi nyepesi za kasi ndizo zinazoupasua. Madoa meusi usoni pa silinda ni masizi tu, yasikutishe.

Zungusha silinda ikiwa wazi: kijiti cha kutolea maganda kikiyumba, kimepinda. Mwisho fungua kishikio, skrubu moja tu. Jasho hukaa chini ya mpira, na hapo ndipo hata stenlesi huota vishimo vya kutu.

Kisheria, dukani utajaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, na kuchunguzwa kupitia mfumo wa FBI, na uwe na miaka 21. Mwenye green card anaweza kununua. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi. Bastola ya muuzaji wa jimbo jingine lazima ipitie duka lenye leseni katika jimbo lako. Sheria za kubeba zinatofautiana kwa kila jimbo, na kibali chako hakina nguvu Nairobi wala Dar es Salaam, hivyo likizo usiifikirie kabisa kwenye mizigo. Nunua pia ala inayofunika kifyatulio chote, na kisanduku cha kufuli kwa sababu ya watoto.

Kabla ya kuibeba, peleka uwanjani risasi 50 za aina utakayotumia. Kila ganda liwe na alama ya pini katikati na yenye kina. Alama hafifu kwenye Model 64 mara nyingi inatokana na skrubu ya mbele ya kishikio iliyolegezwa ili kifyatulio kiwe laini. Ikaze hadi mwisho, kisha piga 50 nyingine.